Maneno Arobaini kwenye Ngolo za Mama Desderia

Mliponiaga pale ofisini mlinipa saa kubwa ya ukutani, mimi ambaye sasa sina pa kuchelewa. Ahsanteni. Nimeitundika jikoni, inanisaidia kujua kama maharage yameiva. Mkaniomba pia niandike machache juu ya kazi, ili mnaoanza mpate pa kushika. Habari za vyeo sitaandika, barua zake zimo kwenye faili langu na panya hawajazimaliza. Za mshahara ndiyo kabisa, tusifukue makaburi. Nitaandika juu ya maneno arobaini ya Kiingereza yaliyonibakiza kwenye kile kiti, na juu ya watu walioyaingiza kichwani mwangu. Nikiwakumbuka watu hao, mpaka leo nabaki nimeshika tama.

Mimi ni mtu wa Lipingo, mtoto wa ziwani. Baba yangu alivua usipa, wale samaki wadogo tunaowaanika juani, na mimi nilijua kuhesabu nyavu kabla sijajua kuhesabu namba za darasani. Nilipomaliza darasa la nane katika shule ya misheni, padri wetu alinipa barua niende Maguu, juu milimani, ambako chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa kinatafuta karani. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya ujamaa, uhuru bado mbichi, na msichana kuwa karani lilikuwa jambo la watu kusimama njiani na kulitazama. Nilipanda mlima na kikapu cha usipa kichwani na viatu mkononi. Viatu nilivivaa nilipoona bati la ghala.

Katibu wa chama alikuwa Bwana Abdalla, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye mwavuli hata siku ya jua. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasoma barua ya padri mara mbili, kisha akaniuliza kama naogopa baridi. Nikasema siogopi. Akasema basi mimi ni mwongo, kwa sababu yeye alikuwa na miaka minne pale na bado anaogopa. Akanionyesha kiti, mizani, mihuri miwili na taipureta iliyovunjika herufi K, msiba mkubwa kwa ofisi ya kahawa. Kila barua tuliyopiga tuliirudia kwa kalamu, tukijaza K moja moja mahali pake. Kwa hiyo nyie mnaolalamika kompyuta inasuasua, nawasikiliza kwa heshima tu.

Nilipangishiwa chumba kwa Mama Desderia, mkulima wa Kimatengo, mke wa Mzee Ndunguru. Nyumba yao ilikuwa juu ya mteremko ambao mimi wa ziwani niliuona kama ukuta. Asubuhi ya kwanza nilipotoka nje, ukungu ulikuwa unaondoka, nikaona mteremko wote, kutoka mlangoni mpaka kijitoni chini kabisa, umechimbwa mashimo ya mraba, safu kwa safu, yamepangana kama masega ya nyuki. Nilisahau kunawa uso. Wamatengo wanayaita ngolo. Mvua ikinyesha, maji hutulia ndani ya mashimo na udongo haushuki, na kwenye matuta yanayozunguka kila shimo wanapanda maharage, baadaye mahindi. Nilimuuliza Mama Desderia nani aliwapimia. Akacheka, akaniuliza na samaki wa kwetu nani anawapimia ziwa.

Sasa niwaeleze shida yenyewe. Mkulima alileta kahawa yake ghalani, akalipwa malipo ya kwanza, kisha akangoja mpaka kahawa iuzwe mbali huko ndipo yaje malipo ya pili. Katikati ya malipo hayo mawili zilikuja karatasi, na karatasi zote zilikuwa za Kiingereza. Redioni tuliambiwa kila siku tukienzi Kiswahili, na tulikienzi kweli, lakini kahawa yetu ilikuwa bado inauzwa kwa Kiingereza. Siku ya barua wakulima walijaa kwenye benchi, Bwana Abdalla akanifasiria, nami nikawasomea kwa Kiswahili, juu mpaka chini. Kabla yangu alikuwepo karani mmoja ambaye, nilisimuliwa, alikuwa akitazama ukurasa mzima kwa muda mrefu, kisha anawaambia watu neno moja tu, bado. Wakarudi nyumbani na bado yao.

Nilikuwa sijatimiza mwaka ulipokuja waraka kutoka juu. Makarani wote wa vyama wafanye mtihani wa Kiingereza cha biashara, mjini Songea, baada ya miezi mitatu. Nusu ya mtihani ni maneno ya malipo, arobaini, kuyaeleza kwa mdomo mbele ya mtahini. Nusu nyingine ni kuandika barua. Atakayeshindwa ataacha kiti, na chama kitaletewa karani kutoka kwingine. Hakuna kurudia. Bwana Abdalla alinisomea waraka huo polepole, kisha akaukunja, na kwa mara ya kwanza hakuniambia neno la kunichoma. Hapo nikajua mambo ni mazito.

Nilirudi kwa Mama Desderia nikamwambia huenda nikarudi Lipingo kuanika usipa. Nilidhani atanipa pole. Aliweka chungu chini akaniuliza huyo karani wa kwingine atakuwa mtu wa namna gani. Nikasema sijui. Akanitazama.

"Mwanangu Eunike," alisema, "miaka sita nimesomewa mwisho wa barua tu. Nimechoka. Wewe ndiye wa kwanza kutusomea tangu juu. Huendi popote."

Mimi nilikuwa na Kiingereza cha shule, cha kuomba ruhusa na kusimulia safari ya paka. Cha malipo sikuwa nacho. Bwana Abdalla alinifundisha kila siku ofisi ikishafungwa, na alikuwa na namna yake. Hakuniruhusu kutamka neno kabla sijashika karatasi yake. Alikuwa na furushi la karatasi za zamani amelifunga kwa kamba ya katani. Akatoa moja, nikaipokea kwa mikono miwili, nikaitazama juu mpaka chini, nani anamwandikia nani, nani anadai, muhuri uko wapi. Ndipo akasema, hii ni "invoice", ankara, karatasi inayosema umepokea kitu fulani na unatakiwa ulipe kiasi fulani. Hii ni "deposit", fedha unayotanguliza ili mwenzako akuamini. Hii ni "balance", kilichobaki. Mfungo wa Ramadhani ulimkuta akinifundisha, midomo imemkauka, na hakukosa hata siku moja. Nikimwambia apumzike, alinijibu kwamba kilichofunga ni tumbo, si kichwa.

Nilishangaa sana siku zile, niseme kweli. Nilikuwa nadhani kulipa ni kulipa. Kumbe watu wa mbali wamekaa wakalipasua tendo hilo moja vipande arobaini, na kila kipande wakakipa jina. Kulipa kabla, kulipa baada, kulipa kidogo kidogo, kulipa kwa kuchelewa, kuahidi kulipa, kumdhamini anayelipa. Niliona kama nimefunguliwa ghala ambalo nimekuwa nikipita mlangoni pake tu.

Lakini kushangaa si kukumbuka. Karatasi zikifungwa, maneno yalinichanganyikia. Nilikuwa naamka na maneno kumi, mchana nina sita, jioni matatu na moja si lenyewe. Wiki ya tatu nililia mbele ya Mama Desderia bila aibu yoyote.

Ulikuwa mwezi wa tatu, msimu wa kufyeka. Kule, mwanamume ndiye anayefyeka majani na kuyalaza chini kwa mistari inayokatana, mpaka shamba zima linakuwa miraba ya majani. Kisha mwanamke anaingia na jembe, anachimba udongo wa katikati na kuyafunika majani, na hapo linazaliwa shimo moja na matuta yake. Mzee Ndunguru alishamaliza yake. Mama Desderia alinipa jembe akaniambia nishuke naye mpaka kijitoni. Nikamwambia nina mtihani. Akasema ndiyo maana.

Tulipofika safu ya chini kabisa aliniuliza malipo yanaanzia wapi. Nikafikiri. Nikasema yanaanza mtu anapouliza bei, na muuzaji akamwandikia karatasi inayoitwa "quotation". Akaniambia nichimbe shimo la kwanza huku nikilitaja neno hilo, na maana yake niiseme kwa Kiswahili, yeye aipeleke kwa Kimatengo. Nikachimba. Tukasogea shimo la pili, oda. La tatu, ankara. Tukawa tunapanda mteremko jinsi malipo yanavyokwenda, kutoka kuuliza bei kule kijitoni mpaka juu karibu na mlango wa nyumba, ambako shimo la arobaini lilikuwa "receipt", risiti, mwisho wa ubishi wote. Kila shimo lilikuwa na jirani yake na alama yake. "Instalment", kulipa kwa mafungu, lilikuwa penye jiwe la bapa. "Overdue", malipo yaliyopitiliza siku yake, lilikuwa safu ya tano, ubavuni mwa mgomba.

Kazi ilichukua siku nyingi, na wanawake wa jirani walikuja kutusaidia kama desturi yao, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hawakutaka kuachwa nyuma. Mmoja alitaja neno chini, wa juu akaitikia na linalofuata. Ulimi wa Kiingereza hatukuwa nao, lakini maana walizishika barabara, na walizipima kwa watu wanaowafahamu. Fulani ni mtu wa mafungu, fulani ni mtu wa kupitiliza siku. Katekista alipita njiani akasimama, akasikiliza wanawake tisa wakiitana "invoice", "invoice" bondeni, akapiga ishara ya msalaba akaendelea na safari yake.

Kabla maharage hayajakomaa, mvua moja kubwa ilibomoa shimo moja la safu ya saba. Nilitaka tulitengeneze upesi. Hilo lilikuwa shimo la "default", mtu aliyeahidi kulipa akashindwa kabisa. Mama Desderia alilitazama akasema tuliache kwanza, maana limefanya kama jina lake.

Nilikwenda Songea juu ya magunia ya kahawa, kwenye lori la chama. Bwana Abdalla alinipa mwavuli wake, na mkijua alivyoupenda mwavuli ule mtaelewa nilivyoupokea. Alinikumbusha tena juu ya barua. Jina, shauri lenyewe, ahsante, sahihi. Wenye biashara ya Kiingereza hawaamkiani, alisema, wanaingia moja kwa moja. Nikasema nimeelewa.

Mtahini alikuwa Mzungu mzee, mmoja wa waliobaki wenzao walipoondoka. Alikaa nyuma ya meza, miwani puani, uso hauonyeshi kitu. Alinitajia neno la kwanza na kichwa changu kikawa cheupe. Sikuona karatasi wala muhuri. Nikafumba macho. Nikashuka mpaka kijitoni, nikasikia maji, nikaanza kupanda. Alipotaja neno, nililiendea lilipo, nikalikuta, nikalieleza. Jiwe la bapa lilikuwepo. Mgomba ulikuwepo. Alipotaja "default" niliona udongo umeporomoka, karibu nicheke. Katikati aliniuliza kwa nini nimefumba macho. Nikamjibu kwa Kiingereza changu kwamba niko shambani. Akaandika kitu, akaendelea. Nilipofika mlangoni kwa Mama Desderia na risiti yangu, nilifumbua macho, naye alikuwa ameweka kalamu chini.

Kisha ikaja barua, na hapo ndipo nilipojimaliza.

Swali lilisema hivi. Kuna mteja ambaye amefanya biashara na kampuni yenu tangu siku za mwanzo kabisa, sasa amechelewa kulipa, mwandikie umkumbushe. Nilichukua kalamu. Jina, shauri lenyewe, ahsante, sahihi. Lakini huyu mtu, nikafikiri, tangu siku za mwanzo, basi ana umri wa baba yangu. Nitamdaije mtu wa umri wa baba yangu bila kumwamkia? Mkono ulikataa. Nyie mmekulia kwenye simu, hamjui. Kwetu, mtoto aliyejua kusoma aliandikia barua kijiji kizima, na mimi tangu darasa la tatu sikuwahi kuandika barua isiyoanza na salamu. Nikamwamkia kwa Kiingereza. Nikamuuliza hali ya mama wa nyumbani, na ya watoto, na kama mvua zimewafikia. Nikamweleza kwamba sisi huku hatujambo, maharage yanakaribia kuvunwa, wasiwasi wetu ni juu yao huko. Ukurasa ulipoisha ndipo nikaandika kwamba, baada ya salamu, kuna lile jambo dogo la malipo. Nilitia sahihi nimeridhika kabisa.

Niligundua nilichofanya nikiwa juu ya lori, karibu nusu ya njia. Nilipiga kelele hata utingo akadhani nimedondoka. Siwezi kuwaeleza uchungu ule. Arobaini nilizipata, nilikuwa na hakika, lakini nusu nzima ya mtihani nilikuwa nimeitumia kumuuliza mtu asiyekuwepo habari za mvua. Bwana Abdalla nilipomwambia alichukua mwavuli wake, akatoka kuutembeza juani. Mama Desderia yeye aliniuliza kama nilimsalimia vizuri. Nikasema vizuri sana, Mama. Akasema basi mimi sikuandika vibaya, wao ndio wameuliza vibaya. Aliendelea kupepeta maharage yake, lakini mikono ilikuwa mizito, niliiona. Kule chumbani nilianza kufunga nguo zangu.

Bahasha ilikuja siku ya barua, benchi limejaa. Bwana Abdalla aliifungua kwa kisu kama alivyofungua zote, akasoma, akarudia. Maneno, arobaini kwa arobaini. Barua, sifuri. Jumla, nusu kamili, na nusu kamili, jambo ambalo waraka haukututajia, ndiyo iliyokuwa alama ya kufaulu. Neno moja tu lingenipotea kule mteremkoni, kiti kingekwenda kwa mtu mwingine. Nikakaa juu ya mizani, nikapimika mbele ya wakulima wote.

Ndani ya bahasha kulikuwa na karatasi yangu ya barua. Juu, kwa wino mwekundu, yule mtahini ameandika kwamba hii si barua ya biashara. Chini, kwa wino wa kawaida, kwa Kiswahili, alikuwa ameandika mistari michache. Bwana Abdalla alivua miwani akanipa mimi niisome.

"Hatujambo. Mke wangu alikuwa na homa, sasa amepona. Watoto wako mbali, hawaandiki. Mvua zilichelewa, zimefika. Je, hayo maharage yenu yametoka vizuri?"

Nilisoma kwa sauti. Mzungu mzima, na wino wake mwekundu, amekaa akajibu salamu zangu moja moja. Mama Desderia, kutoka benchini, alinitaka niisome tena, kuanzia juu. Nikasoma. Akashangilia peke yake, kigelegele kimoja kirefu, kisha akaniuliza nitamjibu lini, maana ameuliza swali. Nikamwambia Jumapili, Mama.

Hayo ndiyo yaliyoniweka kwenye kile kiti. Yaliyofuata mnayajua, kahawa ilipanda na kushuka, vyama vilivunjwa vikaundwa tena, Bwana Abdalla alirudishwa kwao na kuzikwa huko, taipureta ilipata K na kupoteza A. Kila barua ya Kiingereza iliyokuja niliwasomea watu kuanzia mstari wa juu. Hilo silionei haya kujisifia.

Mwezi uliopita, baada ya nyie kuniaga, nilipanda Maguu. Mama Desderia yu hai. Macho hayaoni vizuri, anatembelea fimbo, shamba linalimwa na wajukuu. Nikamwamkia shikamoo, akanijua kwa sauti. Tukakaa mlangoni kwake. Nikamtania kama anakumbuka kazi yetu ya mwezi wa tatu ule. Alinyoosha fimbo kuelekea kijitoni, akaanza chini, na kwa Kiingereza chenye ladha ya Kimatengo alipanda mteremko wote, neno baada ya neno, pale penye jiwe, pale palipobomoka, mpaka risiti miguuni petu. Arobaini. Hajui kusoma hata jina lake. Mashimo yale yamechimbwa upya sijui mara ngapi.

Alipumzika kidogo, kisha akaniuliza habari za yule Mzungu, kama watoto wake walianza kumwandikia.

"Sijui, Mama," nilisema. "Sikumjibu."

Aligeuza uso upande wangu. Fimbo ikainuka tena, taratibu, ikatafuta safu ya tano, pale uliposimama mgomba.

"Overdue," alisema.

Jana nilikaa jikoni chini ya saa yenu nikamwandikia. Jina lake sikuwahi kulijua, na kwa umri aliokuwa nao wakati ule, sidhani kama kuna pa kuipeleka. Nimemwamkia, nimemuuliza hali ya mke wake na watoto. Kisha nikamjibu alichouliza, kwamba maharage ya mwaka ule yalitoka vizuri sana.